Ndani ya Tuta

Malaz, Riyadh
Ijumaa, 7 Februari 2025

Kaka Stephen,

Salamu zikufikie huko Al-Mahjar. Sikuulizi kama hujambo, msiba ni wetu sote. Mimi mwili ni mzima, moyo ndio hauna nguvu. Kifua chako je? Vumbi la godauni limekuachilia?

Madam amenipa simu hadi adhuhuri tu, kwa hiyo naenda moja kwa moja. Nimesikia Baba Mdogo Paul anataka Velma azikwe nje ya ua, kando ya barabara, kwa sababu alimwacha mume akarudi nyumbani. Kaka, dada yetu alimuuguza Mama miaka minne peke yake. Mimi na wewe tulikuwa huku tukipiga deki na kufungua mageti ya watu. Leo azikwe barabarani kama mpita njia?

Sipingani na mila. Nasema tu ua wa mkonge Baba aliupanda juzi, nikiwa darasa la tatu. Mpaka wenyewe ni gunda, lile tuta la udongo na handaki lake walilochimba wazee wa kale. Yule mwalimu aliyekuja kulipima alisema lina miaka mia tano. Baba mwenyewe alikuwa akituonyesha: boma letu linaishia pale. Nimefungua ramani ya setilaiti kwenye simu, na tuta linaonekana wazi, limepinda kutoka kisimani hadi kwa majirani, kina Beldina. Nimekutumia picha. Alama nyekundu iko nje ya mkonge lakini ndani ya tuta. Azikwe hapo. Mwana wa kiume ni wewe pekee. Ukisema, wazee watasikia.

Na unajua kinachoniliza. Mimi pia nimeachana na mume. Atakapolazwa Velma ndipo nitakapolazwa mimi.

Dadako mdogo,
Rispah

Al-Mahjar, Jeddah
Jumapili, 9 Februari 2025

Mdogo wangu Rispah,

Pole, na pole tena. Kifua kinakohoa, lakini geti kinafungua. Kafili, huyu mwajiri anayeshika vibali vyangu, amekataa kunipa ruhusa ya kusafiri. Amesema, "Baada ya Ramadhani, halas." Basi namzika dada yangu kwa simu, mimi niliyebebwa mgongoni kwake.

Picha nimeiona. Umejieleza vizuri, hata wakili hakuwezi. Nimempigia Baba Mdogo nikamwambia wafuate picha yako, wachimbe penye alama. Alinung'unika kisha akakubali. Usilie tena, kula chakula.

Kakako,
Stephen

Malaz, Riyadh
Ijumaa, 21 Februari 2025

Kaka,

Natumaini umeamka salama. Mimi sijalala.

Ivy amenitumia picha ya kaburi la mamake. Mbele ni barabara, nyuma ni miwa. Nimeikuza hadi macho yakauma na tuta silioni. Nikampigia. Akaniambia, "Anti, tuta gani? Si trekta ilisawazisha mwaka juzi?" Wachimbaji walikuja na picha yangu kwenye simu, wakazunguka shambani wakilitafuta, wakaanza kucheka. Ndipo Baba Mdogo akasema: hakuna tuta, mpaka ni mkonge, mpelekeni barabarani.

Kumbe picha za ramani ni za zamani. Nimejiaibisha, nikiwaonyesha wazee mpaka ambao haupo. Hilo ni langu, nalibeba. Lakini trekta haijiendeshi. Ivy hataki kutaja mtu. Nitajie wewe.

Dadako,
Rispah

Al-Mahjar, Jeddah
Ijumaa, 14 Machi 2025

Mdogo wangu,

Habari za Ramadhani na kazi za jikoni? Najua hawakupumzishi. Nimechelewa, na siwezi kusingizia kazi.

Ni mimi. Mkandarasi wa miwa alisema tuta linasumbua trekta. Alinipigia nikiwa zamu, nikamwambia asawazishe. Nusu siku tu, kazi ikaisha. Niliona ni udongo tu, na Baba hayupo wa kuuliza.

Ulipotuma picha nilijua hakuna kitu pale. Nikaona haya kukwambia. Nikamwambia Baba Mdogo afuate picha, nikijua atafika akose. Na acha niseme yote: kaburi likiwa ndani, kesho Ivy angesimama juu yake adai ardhi. Nililiwaza hilo dakika moja, Rispah, na dakika hiyo ilitosha.

Kumhamisha sasa ni balaa, wazee hawatakubali. Ivy anasema miwa iliyo juu ya handaki la zamani imerefuka kuliko mingine na ni ya kijani zaidi. Ukisimama barabarani unaona mstari wote hadi kwa kina Beldina. Sijui kwa nini nakwambia hili. Nisamehe.

Kakako,
Stephen

Malaz, Riyadh
Ijumaa, 21 Machi 2025

Kaka,

Hofu ni kwako na kifua chako, kwangu ni uzima.

Pole zako nimezipokea, ziweke kando. Kama mstari unaonekana, basi mpaka upo. Nataka uandike, kwa jina lako, kwamba nikifa nitazikwa ndani ya mstari huo. Uwatumie wazee, nami nione. Velma ameshakosa. Mkataba wangu unaisha Mei. Ukiandika, narudi nyumbani.

Rispah, dadako

Malaz, Riyadh
Ijumaa, 23 Mei 2025

Stephen,

Ujumbe wangu una alama mbili za buluu tangu Machi. Jumapili Ivy aliniambia kafili alikuruhusu, ulifika nyumbani Aprili, ukakaa wiki tatu, ukapanda mkonge mpya pale ua ulipokuwa umekufa.

Jana Madam aliniletea karatasi ya miaka miwili mingine. Akauliza, "Rispah, kwenu hawakungoji?" Nikasema, "Mafi, Madam. Hakuna mtu." Nikatia sahihi.

Watu wakikuuliza kwa nini sikurudi, usiseme nilinyimwa ruhusa. Waambie nilikuuliza mahali pa kulala, ukasoma, ukanyamaza.

Rispah