Deheni Ndani ya Trekta

Jumamosi. Mawingu yamejaa tangu alfajiri lakini hayajadondosha hata tone. Joto la leo ni lile la kutangulia masika: nguo hazikauki kambani, na chumvi imelowa ndani ya chungu.

Moyo wangu umetulia. Asubuhi haukuwa hivyo.

Mwalimu wetu ametufunza kwamba shajara ni mahali pa kuandika lililo kweli, hata likikuaibisha. Basi naanza na aibu yangu. Oili imekuwa ikivuja kwenye trekta la chama wiki tatu hizi, tangu lilipoanza kulima kutwa, na sababu yake nilikuwa nayo mimi kichwani, nami sikujua kwamba ninayo.

Trekta hilo lilikuwa la mzungu mmoja mwenye shamba la minazi, aliyerudi kwao mwaka wa uhuru. Chama cha wakulima wa hapa Msambweni kikalichukua, na baba yangu akawa dereva wake, kwa kuwa ndiye peke yake aliyepelekwa kusomea kazi hiyo. Ni kuukuu. Rangi nyekundu imebaki kwenye boneti tu. Lakini likiunguruma asubuhi watu hutoka nje kulitazama, maana ndilo la kwanza tunaloweza kuliita letu.

Juzi Bwana Shamba alikuja, akainama, akaona mchanga mweusi chini ya injini. Alisema kwa upole, lakini alisema: Jumatatu akilikuta bado linavuja, atalipeleka Waa, ambako kuna fundi. Na likifika Waa litalima Waa kwanza. Mvua itatukuta sisi na majembe ya mkono, na nusu ya mashamba ya mpunga itabaki nyasi.

Baba alikuwa amekwisha kulitengeneza mara tatu. Kwanza oili ilitoka kwenye kifuniko cha juu cha injini. Akakata gasketi mpya, akakaza, pakakauka. Siku mbili baadaye ikatokea kwenye kifuniko cha ubavuni. Akaziba. Ikatokea mbele, nyuma ya feni.

"Nikiziba huku, yatokea kule," aliniambia jana. "Mafuta haya yanizidi akili."

Leo nikamwomba nimsaidie. Mama alikuwa akipeta mchele, akacheka. "Mwana wa kike na spana!"

"Spana haiulizi imeshikwa na nani," baba akamjibu.

Tukaiosha injini kwa mafuta ya taa, kila pembe, mpaka tambara letu likawa zito kama samaki. Kisha nikaenda kuchukua poda ya mama, ile ya kopo la bati anayojipaka akienda harusini. Nilikuwa nimefikiri usiku kucha: oili hutelemka, tena feni huipeperusha, basi mahali inapoonekana sipo inapotokea. Lakini juu ya poda nyeupe kila tone lingeonyesha lilikoanzia. Nikainyunyiza injini nzima.

Babu alikuwa ameketi kizingitini akitutazama. Babu ni baba yake mama. Kwao ni Mkwiro, kisiwani Wasini, na umri wake wote ameziba mashua zisiingie maji, kwa kupachika pamba katikati ya mbao na kuipaka juu deheni, yaani shahamu iliyochanganywa na chokaa. Yuko nasi tangu kabla ya mvua za vuli.

"Haya, bibi harusi amekwisha kupakwa poda," alisema. "Bwana yuko wapi?"

Baba akawasha. Haukupita muda, mistari myeusi ikajichora kwenye poda. Juu, ubavuni na mbele. Mitatu kwa pamoja.

Hapo nikaukumbuka wali. Mama akiupalia makaa juu ya mfuniko kabla maji hayajakauka, maji hufurika pande zote za sufuria. Mfuniko si mbovu. Mvuke ndio hauna pa kupitia.

Nikamwambia baba hivyo hivyo, kwa maneno ya jikoni, maana sikuwa na mengine. Alinitazama kidogo, kisha akafungua kizibo cha kutilia oili. Hewa ikatoka kwa kishindo, ikamrushia matone shavuni. Injini ilikuwa imebanwa pumzi.

Nikakimbia kuleta kitabu cha trekta, kile alichokiacha mzungu. Kimeandikwa Kiingereza, kwa hiyo baba alinipa mimi nikitunze. Nikasoma polepole kwa kidole. Pana bomba, kitabu kilisema, linaloshuka ubavuni mwa injini, mdomo wake ukitazama chini. Kazi yake ni kuipumulisha injini. Lisizibwe kamwe.

Nilimshikia babu kopo.

Nilikumbuka yote mara moja. Ilikuwa wakati wa vuli, baba amekwenda Kwale mkutanoni. Babu aliliona bomba lile, mdomo wazi, tone moja la oili likining'inia. Kwa mtu wa mashua, tundu lililo wazi chini si jambo la kuachwa. Akalishindilia pamba, akalipaka deheni mpaka ndani, nami nimesimama karibu yake nikimshikia kopo la deheni, nikiona fahari. Hatukumwambia baba. Tulitaka arudi akute pakavu, afurahi. Na kweli palikuwa pakavu. Kisha tope la vuli likafunika kila kitu.

Sasa nifanye nini? Baba hajapata kumpinga babu hata kwa neno. Kwetu mkwe haambiwi kwamba amekosa. Mtu akiona kosa la mkwewe hutazama pembeni. Nikinyamaza, trekta litakwenda Waa. Nikisema, babu atatahayari mbele ya mtu ambaye hapaswi kumwona akitahayari.

"Baba," nikasema, "bomba la kupumulia nililiziba mimi."

Baba akaitazama mikono yangu. Akafungua kinywa kuniuliza, lakini babu alimtangulia.

"Mwongo huyu!" Alikuwa amekwisha simama. "Kazi ile ni yangu. Yeye alishika kopo tu. Wewe waweza kuziba vile, mjukuu wangu? Tangu vuli, na mtikisiko wote ule! Nendeni mkaitazame kama imelegea hata chembe."

Baba akalala chali chini ya trekta, akakwangua tope. Deheni ilikuwa ngumu kama jiwe, nyeupe, imesawazishwa vizuri. Huko chini nilisikia anajizuia kucheka.

"Haijalegea, baba," alimwambia babu kwa adabu. "Kazi yako haivuji kabisa. Hiyo ndiyo iliyotuponza."

Babu akaja kwangu, akanionyesha kitabu kwa kidevu. "Hebu nisomee hapo palipoandikwa."

Nikamsomea kwa Kiswahili. Akanitaka nirudie. Akavua kanzu, akajifunga shuka, akachukua patasi yake mwenyewe na kutambaa chini ya trekta. Baba alitaka kumsaidia, akakataa. "Aliyeziba na azibue."

Ilimchukua mpaka karibu na adhuhuri. Alikuwa akilaani ustadi wake.

Baba alipowasha tena, bomba likakohoa, likatema donge la masizi, kisha likatoa moshi mwepesi, taratibu, kama mtu aliyetua mzigo. Gasketi ya juu ilikuwa imekwisha sukumwa nje, kwa hiyo akakata nyingine. Tukapaka poda tena. Tukaliacha liungurume mpaka baba akamaliza vikombe viwili vya kahawa. Ubavuni pakabaki peupe. Mbele pakabaki peupe. Na juu pia.

Kopo la mama limebaki bati tupu. Ameniambia nitajua mwenyewe harusi ikija.

Jambo moja linanisumbua. Nilisema uongo mbele ya watu wazima wawili, na ukweli akausema yule niliyetaka kumficha. Nilidhani babu hawezi kuubeba. Kwa nini nilidhani hivyo? Sitamdhania hivyo tena. Na kitu nitakachokifanya baba asipokuwapo nitamwambia akirudi, hata nikiwa na hakika kwamba ni kizuri. Hasa nikiwa na hakika.

Jioni babu alichonga kijiti cha mkoko, chembamba, kirefu kama mkono wangu, akakifunga kwa ukambaa ubavuni mwa kiti cha dereva. Ni cha kuchokolea bomba. Amenikabidhi kazi hiyo mimi, kila Ijumaa, na amesema atanikagua.

Nimefukua mchanga mweusi chini ya trekta, nikamwaga mweupe. Nimetoka kuutazama sasa hivi. Ni mweupe.

Bwana Shamba na aje Jumatatu, ainame atakavyo.