Sekunde Saba Kabla ya Kubonyeza

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na naomba usicheke mpaka ufike mwisho, maana swali langu ukilisikia juu juu utasema huyu angemwandikia fundi wa kamera, na kweli nilianza kwa fundi, fundi akaniambia, "Kaka, nenda kapumzike."

Mimi ni mpiga video wa kujitegemea, ofisi yangu ni begi, na kwa miaka kumi na mbili nimetumia kamera moja tu ya kanda, zile kanda ndogo za saa moja moja, kamera nzito yenye mkanda wa ngozi ambao nimeushona mara mbili, na sikuona sababu ya kuibadili mpaka wateja walipoanza kuniuliza kama video itaingia kwenye simu jioni ile ile, nikiwaambia subirini siku tatu niihamishe kwanza, wananitazama kama mtu aliyekuja harusini na kibatari. Kazi zikaanza kwenda kwa wengine. Basi mzee mmoja mwenye duka la vifaa, tunafahamiana siku nyingi, akaniazima kamera ya kadi iliyotumika kidogo, akasema kaa nayo wiki tatu, ukiipenda niachie hiyo ya kanda niivunje vipuri, ukiikataa nirudishie, na jibu langu analitaka Jumamosi hii.

Hapo lazima nikueleze habari za marehemu mke wangu. Alikuwa mshika taa wangu. Miaka kumi na moja alisimama nyuma ya bega langu la kushoto, taa mkononi, hadi wateja wakamwita Mama Taa, na kabla sijabonyeza alikuwa akiwatupia utani wale waliojipanga, wala si utani wa kurudia rudia, kila watu na neno lao, nyuso zikishafunguka ndipo nami nabonyeza. Na mimi ndiye niliyemzoesha amalize kabla sijabonyeza. Nilimwambia kwa ukali, tena mbele za watu, "Kanda si ya maneno yako, ukiona taa nyekundu imewaka, kimya." Akawa anakaa kimya. Sasa nina kanda mia mbili na kitu kabatini, zote zinaanza na watu wanaocheka, na hakuna hata moja yenye sauti yake wala uso wake, maana mshika taa hapigwi picha. Aliugua wiki tatu, akafariki, mwaka jana. Na mimi, mshauri, sikumbuki hata utani wake mmoja, kwa sababu kila alipokuwa akisema nilikuwa nimebana jicho kwenye kamera natafuta vivuli.

Turudi kwenye kamera ya kadi. Ina tabia ambayo ya kanda haina. Ukishaiwasha tu, hata hujabonyeza, inakaa inatazama, inashika sekunde saba na kuziacha, inashika na kuziacha, na utakapobonyeza inazichukua zile saba za nyuma inazibandika mwanzoni mwa picha yako. Mzee wa duka alinisifia sana jambo hilo. "Hata ukichelewa hukosi kitu," akasema.

Kazi ya kwanza niliyoifanya nayo ilikuwa mahafali ya chuo cha ushonaji, wahitimu thelathini na wawili kwenye ngazi za ukumbi, mchana kweupe. Kesho yake nikafungua kompyuta. Wahitimu wamesimama, hawajajiandaa, mmoja anajikuna shingo, mara nasikia sauti yangu inasema, "Juu kidogo." Kimya. Halafu sauti yangu tena, "Haya, hapo hapo." Na wale wahitimu wote thelathini na wawili wanahamisha macho, hawanitazami mimi, hawaitazami kamera, wanatazama nyuma ya bega langu la kushoto. Kisha wanaanza kutabasamu. Kisha ndipo nabonyeza. Mshauri, naapa sikumbuki kusema maneno yale, na nyuma yangu palikuwa na taa juu ya stendi na ukuta basi.

Nikasema ni uchovu. Wiki iliyofuata nikaenda harusini, ndugu wa bwana harusi wamepanga mstari, wazee mbele kwenye viti. Nikapiga, nikarudi nyumbani, nikafungua. Sauti yangu, "Juu kidogo." Kimya. Na mwanga, mshauri, ule mwanga uliokuwa umewaangukia videvuni ukapanda taratibu, midomoni, puani, hadi kwenye paji la uso, ukatulia. "Haya, hapo hapo." Macho yote nyuma ya bega langu. Bibi mmoja mzee kwenye kiti cha katikati akaitikia kwa kichwa, kama mtu anavyomwitikia mtu aliyemsalimia, akaziba mdomo kwa mkono akicheka. Nakala nimekuwekea kwenye flashi iliyo ndani ya bahasha hii, itazame mwenyewe usije ukasema nazua.

Nikaenda kabatini. Nikatoa kanda za karibuni, kanda kumi na tisa nilizopiga peke yangu tangu nimzike mke wangu, nikazitia kwenye kamera ya zamani moja baada ya nyingine. Zote zinaanza na watu wanaocheka, hata moja haikukosa. Mimi mwenyewe si mtu wa utani, waulize wanaonijua. Sasa aliyewachekesha ni nani?

Tangu siku hiyo nimekuwa mtu wa sekunde saba. Nakaa chumba cha kuhariri, pazia nimeshusha, hedifoni masikioni, sauti nimepandisha hadi mwisho, nasikiliza kile kimya kilicho kati ya "juu kidogo" na "hapo hapo". Ni sekunde mbili na ushei. Kuna siku nasikia feni ya ukumbi, kuna siku nasikia kama pumzi ya mtu anayetaka kuanza kusema. Naamini nikiongeza sauti vizuri nitapata neno, hata moja. Kazi mbili nimezichelewesha, chakula nakila palepale. Nina binti wa miaka kumi na minne, wa pekee, na juzi alikuja mlangoni akasema, "Baba, mama alikuwa akisema..." nikamwambia, "Nyamaza kwanza nisikie," akaondoka. Jana ameniomba akaishi kwa mama yake mdogo, nami nimeona labda ni sawa, atapata utulivu wa kusoma, mama yake mdogo atamfuata Jumamosi.

Sasa nishauri. Nikibaki na kamera ya kanda nitakosa kazi, lakini nitalala, maana kanda huanza pale ninapobonyeza, na yaliyotangulia hayanihusu. Nikichukua ya kadi nitapata kazi, ila kila siku nitakuwa naletewa sekunde saba za mtu ambaye sijui kama yupo. Na nikikuambia ukweli, naogopa asiwepo kuliko ninavyoogopa awepo. Nichague ipi?

Ni mimi,
Bega la Kushoto

MSHAURI ANAJIBU

Bega la Kushoto, pole. Nakupa pole kwanza, kwa sababu nikishaanza kukugombeza sitakumbuka tena.

Flashi yako nimeitazama. Nimeitazama hapa ofisini saa nne asubuhi, watu wamejaa, simu zinalia, na hata hivyo niliinuka nikaufungua mlango ubaki wazi. Nikamwita fundi mitambo wetu, mtu asiyeamini hata utabiri wa mvua, naye akaitazama mara tatu. Tumekubaliana hivi. Macho ya watu hufuata macho ya mtu. Simama sokoni utazame angani, soko zima litatazama angani. Wewe kila unapotaka kubonyeza unageuka kushoto, unasema na mtu, unasubiri kama anakutii, halafu unamwambia hapo hapo. Watu wazima thelathini na wawili waliovaa majoho watafanya nini? Watatazama unakotazama, wakikuta ukuta watacheka. Ndugu yangu, mchekeshaji ni wewe! Mwaka mzima umekuwa ukiongea na ukuta mbele za wateja, wao kwa heshima wakakaa kimya, na kanda haikukusema kwa sababu kanda ilikuwa haijaamka. Hakuna aibu hapo. Mkono uliozoea kupokelewa kitu huendelea kunyooka hata mpokeaji akiwa hayupo.

Umebaki ule mwanga. Fundi anasema stendi iliyolegea parafujo hushuka yenyewe, ameona nyingi. Nikamuuliza, na kupanda? Akasema kupanda hajaona, akachukua kikombe chake akaondoka. Kwa hiyo hilo sijui, na sitakudanganya kwamba najua. Yule bibi pia nimemtazama sana, na sikupenda jinsi alivyoitikia. Lakini hebu nikuulize, hata kama ni yeye, ndiyo ufanye nini? Umfungie chumbani na pazia? Mwanamke alikushikia taa miaka kumi na moja, bado unataka umweke zamu?

Haya, sikiliza sasa. Chukua kamera ya kadi. Hayo ya kanda na kadi wala si swali, umeyajibu mwenyewe kwenye mistari yako ya kwanza, mtu hawezi kula kumbukumbu. Lakini hiyo ya zamani usimpe mzee leo, wala Jumamosi. Mwambie akupe miezi miwili, akikataa mbembeleze, akikaza sana niletee namba yake ya simu. Ndiyo mashine pekee uliyonayo ya kuzisoma kanda zile, na akiivunja vipuri, mia mbili na kitu zinakuwa plastiki. Zihamishe zote. Na kwenye hii mpya ingia kwenye mpangilio uzime hizo sekunde saba, uzime kwa mkono wako, leo, kabla hujala. Mfungaji mabao hachezi mechi huku anaangalia marudio. Kisha tafuta mtu mwenye mwili na damu akushikie taa, umlipe, na ukigeuka kushoto ukute pua.

Sasa tufike kwenye jambo lililonifanya niandike jibu hili kabla ya barua nyingine kumi na nne zilizotangulia. Umeniandikia kurasa nne za kamera, na binti yako umempa mistari mitatu. Nimeisoma mitatu hiyo nikaweka kalamu chini. Mtoto alikuja mlangoni akasema, "Baba, mama alikuwa akisema." Alikuwa akisema nini? Hujui. Ulimkata. Umekesha na kimya cha sekunde mbili, unakipandisha sauti hadi feni inanguruma, unatafuta neno moja la marehemu, na neno lenyewe limekuja kwa miguu yake hadi mlangoni likiwa limevaa sare ya shule, ukaliambia linyamaze! Wewe unadhani utani wote ule mama yake aliutoa wapi? Aliutunga nyumbani, akipiga pasi, akifua, na aliyekuwa akijaribishiwa ni nani kama si mtoto huyo? Wewe ulikuwa unatafuta vivuli.

Na usinidanganye habari za utulivu wa kusoma. Mtoto haondoki kwa sababu ya kelele. Anaondoka kwa sababu nyumba nzima amebaki peke yake, na ameona ukinyamazisha mmoja mpaka akafa, sasa zamu imemfikia. Nimesema vibaya, najua, na sifuti.

Mpigie simu shemeji yako leo, mwambie Jumamosi aje kula, asije na gari la mizigo. Kisha inua lile pazia. Mwite binti yako, mwombe radhi, kwa maneno, si kwa zawadi. Weka kamera kwenye stendi, iwashe, ibonyeze, taa nyekundu ikishawaka utoke huko nyuma uje ukae kwenye kiti kando yake, muonekane wote wawili. Muulize mama yake alikuwa akisema nini. Akilia, akicheka, akikosea akarudia, usimwelekeze wala usitazame saa. Kadi ina nafasi ya kutosha, na safari hii wa kukaa kimya ni wewe.