Jina Lako Ndani ya Kaseti

Nyumbani kwa Robert na Tecla,
Kabianga,
Kericho.

17 Agosti 1997

Mpendwa mdogo wangu Kipkosgei,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani, nyingi kama majani ya chai yaliyolala kituoni juzi lori liliposhindwa na matope. Sisi tu wazima. Shemeji yako Robert ni mzima ila mgongo, na watoto wanakula kama nzige. Mama ana afya ya mwili. Hayo mengine utayasoma hapa chini. Je, wewe hujambo? Huko Canada kazi inaendelea? Unapata chakula kinachoeleweka?

Nauliza hivyo kwa sababu barua yako ya mwisho nayo ilipigwa kwa mashine tangu mwanzo hadi mwisho, na safari hii hata jina lako pale chini. Mtu anayemwandikia dada yake anashindwa nini kushika kalamu? Niliigeuza upande huu na ule nikiutafuta mkono wako, sikuuona. Nikasema labda baridi ya huko imekukaza vidole. Nitalirudia jambo hilo.

Huku mvua haikosi alasiri hata moja. Mawe yalipiga chai ya upande wa mto, lakini imeanza kuchipua tena, na ng'ombe wa mama amezaa mtamba.

Sasa nikwambie habari ya gemu yako. Ulipoondoka mwaka wa tisini na mbili ulimwachia mama ile mashine ya gemu na kaseti yake moja ya kijivu, ukamfundisha kuiwasha. Mama hajawahi kucheza hata siku moja. Lakini kila Jumapili akitoka kanisani huunganisha TV na betri ya gari, akapachika kaseti, akangoja mpaka mstari wako utokee: KOSGEI, halafu zile nyota za kila hatua uliyoshinda, zimejaa hadi ukingo wa kioo. Herufi alizijulia kwenye masomo ya ngumbaru. Huzifuata kwa kidole, husema, "Bado yuko," kisha huzima na kwenda kuweka chai motoni. Mwaka jana nilimwambia kwamba jina kwenye TV si mtu, akaninunia wiki nzima. Kwa hiyo usione ninakuandikia mambo ya watoto. Mama amekushikilia kwa jina hilo, na jina hilo ndilo lililoleta balaa.

Balaa lilianza na Thuo. Humjui, ni fundi wa redio pale mjini Kericho, ana kibanda nyuma ya stendi, na ni rafiki wa Robert. Siku hizi redio hazimtoshi. Anatengeneza kaseti za gemu kwa mikono yake. Hununua kaseti kuukuu za michezo ambayo hakuna anayeielewa huku, anazipasua, anang'oa chip ya ndani, anachomelea nyingine aliyoiandika gemu mwenyewe kwa kifaa alichotoa Nairobi. Halafu anabandika picha ya kupiga kopi, na ukiiona utaapa imetoka Japani. Mimi nilipoelezwa nilikumbuka tu ule ujanja wa wazee wetu: ndama akifa unamchuna, unajaza ngozi nyasi, unamsimamishia mama yake ailambe ili ateremshe maziwa. Nikamwambia Robert kwamba mtu anayeweza kudanganya kaseti hatashindwa kudanganya mtu. Akacheka. Robert humwamini kila mtu aliyewahi kumnunulia chai.

Sisemi hivyo kwa sababu ya kabila la Thuo. Tangu ule mwaka wa vita vya makabila watu wameangaliana vya kutosha, na yeye alifunga kibanda akaenda kwao, akarudi, na alirudi akitusalimia. Lakini macho nimepewa ya kuonea. Jirani yetu Rodah alimwona siku ya soko huko Siongiroi, kwenye paa la bucha ya mbuzi, anaanika sinia la vitu vyeusi vyenye miguu mingi kama tandu. Mtu wa Kericho ana jambo gani la kuanika Siongiroi? Nilipomuuliza hakushtuka hata kidogo, na hilo nalo sikulipenda. Alisema zile chip zake kuukuu zina kidirisha cha kioo mgongoni. Jua likikaa hapo siku nyingi zinasahau kila kitu, ndipo unaweza kuziandika upya. Jua la Kericho halifiki saa nane, kwa hiyo huzipeleka huko Siongiroi, upande wa Chepalungu kwenye jua kali. Zikishaandikwa huziba kidirisha kwa plasta zisisahau tena.

Basi mwezi wa tano Robert alimleta kwa mama kumtazamia TV. Thuo aliiona kaseti yako juu ya kabati, akaipima kwa mkono, akaichungulia mdomoni. Nikaona uso wake umebadilika. Alisema kaseti za namna hiyo ni adimu, kwamba ndani mna kibetri kidogo kama shilingi ambacho hulinda jina lisipotee, na kwamba kibetri hicho kimezeeka. Akaomba aende nayo kibandani akaweke kingine, huku mashine ikiwa inawaka, jina lisiondoke.

Nilikataa pale pale. Tangu lini kaseti ikala betri? Nilijua anataka matumbo yake atengenezee zake, aturudishie ngozi iliyojazwa nyasi. Wiki iliyofuata akaja tena na mkate. Iliyofuata, sukari. Mtu hakuletei mkate bure, mdogo wangu. Dalili ya mvua ni mawingu. Nilimwambia mama waziwazi kwamba Thuo anaitaka kaseti ya Kosgei na asipochunga ataibiwa mchana peupe.

Mama alinisikia kupita kiasi. Aliiondoa kaseti kabatini, na kila nikimuuliza iko wapi alisema iko mahali ambapo hata panya hafiki. Jumapili zikapita bila TV kuwashwa. Alisema afadhali asikuone kwa muda kuliko akupoteze. Nami nikamsifu kwa busara yake.

Wiki mbili zilizopita aliniomba nipande darini nimteremshie kitu, maana magoti yake hayataki ngazi tena. Ni lile dari la jikoni juu ya meko, kwenye mbegu za mahindi na vibuyu vya maziwa ya mursik. Unajua mwenyewe kwamba hapo ndipo kila kitu cha thamani kilipokaa katika nyumba yetu, maana moshi hufukuza wadudu na moto hufukuza unyevu. Nilipopapasa nikakuta kaseti yako ndani ya mfuko wa unga. Imekuwa nyeusi, inanata masizi, na upande mmoja umepinda kwa joto.

Mama alikuwa anaondoka kwenda kwenye mkutano wa akina mama wa kanisa. Nikamwambia nitaipangusa. Alipotoka niliisafisha, nikaiwasha. Gemu ikaja vizuri na muziki wake wote. Lakini pale penye mstari wako palikuwa patupu.

Nilijua ni Thuo. Nilisema ile siku alipoipima mkononi aliibadilisha mbele ya macho yetu, na hii ni mojawapo ya zile zake. Asubuhi yake nilishuka hadi Kericho nikaiweka kwenye meza yake, nikamwambia aipasue nikiwa nimesimama hapo hapo. Aliipasua. Kisha akapasua moja ya zake akaziweka pamoja. Ile yake ilikuwa na nyaya za mkono na madoa ya risasi ya kuchomelea, na plasta juu ya kidirisha. Ya kwako ilikuwa imetulia kama ilivyotoka kiwandani, hakuna aliyeigusa. Kile kibetri kilikuwapo kweli. Kimevimba, kimelia maji meupe.

Nilimwambia basi atengeneze jina kama anavyotengeneza gemu. Akanionyesha ndani kwa ncha ya bisibisi.

"Mama Janeffer, gemu naweza kukutengenezea ingine leo leo," alisema. "Jina ndiyo siwezi. Jina haikai kwa chip ya gemu, inakaa kwa hii ndogo hapa kando, na hii inalindwa na betri. Betri ikikufa, jina imeenda. Hiyo ndiyo nilikuwa nawaambia."

Aliweka kibetri kipya na hakutaka chochote. Hata hilo nililitilia shaka njiani, na bado nalitilia. Lakini nilikuwa na jambo zito zaidi. Ningemwambiaje mama kwamba ni moto wa meko yake mwenyewe uliokufuta?

Sikumwambia. Nilifika kwake kabla hajarudi kutoka shambani, nikawasha mashine, nikaandika herufi moja moja: KOSGEI. Nikasema herufi ni zile zile, macho yake yamefifia, na Jumapili itapita salama.

Jumapili mama alivaa kitambaa chake cha kanisani, akapachika kaseti mwenyewe, akakaa. Jina likatokea. Akaweka kidole kwenye kioo, akalifuata hadi mwisho, kisha kidole kikaendelea kutafuta kulia, mahali palipokuwa na nyota. Hapakuwa na hata moja. Mtu anayeanza hana nyota, na mimi sijui kucheza. Njia ya mwongo ni fupi.

"Huyu si Kosgei," alisema. "Kosgei alikuwa amefika mbali. Huyu mmenijazia nyasi."

Nilimweleza yote: dari, joto, kibetri. Alinisikiliza kwa adabu kama anavyomsikiliza mtu wa bima. Kisha akaniambia nimletee barua zako. Alizishika moja moja, akapitisha kidole juu ya zile herufi za mashine, akaniuliza hizi nazo huwa anaandika nani. Nikasema ni wewe. Akauliza ni nani humsomea. Nikasema ni mimi. Akatikisa kichwa polepole, akazikunja, akanirudishia.

Tangu siku hiyo TV haijawashwa. Alimuuliza mchungaji kama watu wanaofia ng'ambo huzikwa huko huko au huletwa. Na jana jioni, nikimsaidia kukamua, aliniambia bila hasira, huku mkono wake uko mgongoni mwa ng'ombe, "Tecla, mimi ni mtu mzima. Niambieni tu alikufa mwaka gani."

Nililia, Kosgei. Nililia mbele yake, naye akachukua machozi yangu kuwa ndiyo jibu.

Sasa usimwandikie mama. Barua atasomewa na mimi, na mimi siaminiki tena. Usitume picha, maana atasema picha ni ya zamani. Usitume mtu. Omba ruhusa, uza kitu, kopa, fanya vile wanaume hufanya, lakini njoo usimame mlangoni akushike uso. Na ukishindwa kabisa, basi nijibu mimi kwa kalamu, kwa ule mwandiko wako mbaya wa kuku, maana ninapoandika haya najiuliza ni nani atakayeifungua barua hii.

Robert anakusalimu, Janeffer na wenzake wanakusalimu, Rodah anauliza kama umeoa. Hata Thuo ametuma salamu, ingawa hamjaonana. Anasema ukija atakuwekea mashine sawasawa ukae uzirudishe nyota zote, mama akikuangalia. Sijui anataka nini.

Mungu akulinde huko uliko, kama uko.

Dada yako akupendaye hata anapokushuku,
Tecla