Kinu Chini ya Pikapu

Baba Devotha,

Kwa niaba ya ukoo mzima, majirani, wanakwaya na kuku wote wa nyumba hii, ninasikitika kukutangazia kifo cha kinu cha mama yako. Kimepasuka kuanzia mdomoni hadi kitakoni, mchana kweupe, mbele ya wazee, kikiwa kazini. Kimeacha mchi mmoja. Mazishi hayakufanyika. Tulikipikia maharage.

Najua huko uliko unauliza nani alikiweka kinu chini ya gari. Hapo ndipo na mimi nilipokwama, maana ni wewe.

Nianzie pale ulipoachia, pengine nikikuandikia nitaelewa. Ulipopelekwa hospitali Ngara mjini umeshika kifua, pikapu ilibaki uwanjani imeinuliwa mbele, tairi zote mbili za mbele zimefunguliwa, kwa sababu ulikuwa unabadilisha pedi za breki. Ukaenda kwa gari la watu na ukarudi kwa gari la watu, umelala. Msibani, wageni waliotoka mbali walipoiona pikapu imening'inia bila tairi, walidhani imekuangukia. Waliizunguka kwa heshima, wengine wakainama kuchungulia kama wanatafuta alama. Walipoambiwa ni moyo, nikaona kabisa kwamba wamejisikia kupunjwa. Moyo kila mtu anao.

Mimi nilikuwa mkekani na wanawake. Nililia mpaka shingo ikachoka, nikailaza upande, na hapo ndipo nikaona. Upande wa kulia gari limekaa juu ya stendi yako ya chuma. Upande wa kushoto limekaa juu ya kinu. Nikaacha kulia palepale. Wifi yangu akawaambia wenzake kwamba Roho Mtakatifu amenishukia.

Sasa niambie. Wewe si ndiye uliyemfukuza hapa yule binamu yako wa Kaniha kwa sababu aliinua gari lake juu ya tofali? Hukumpa hata maji. Ulimwambia, "Tofali ni la kujengea. Kinu ni cha kutwangia. Jeki ni ya kuinulia. Stendi ndiyo ya kushikilia. Ukivichanganya, wewe ndiye utakayetwangwa." Nilikuwa mlangoni pa jikoni nachambua maharage, nikasikia yote. Kila kitu nilichojua kuhusu gari nilikijulia pale mlangoni, kwa sababu hukuwahi kunifundisha na mimi sikuwahi kuuliza. Wewe ulikuwa ukifundisha gari.

Maana ulikuwa ukisema nalo. Hapa kwetu Keza hakuna mahali palipo sawa, hata mpira wa watoto ukiachwa uwanjani unaishia kwenye migomba ya jirani. Kwa hiyo ulichimba, ukashindilia, ukapata kipande cha ardhi bapa ukakiita uwanja wa ndege. Hukuinua gari mahali pengine popote. Ulivuta hendibreki, ukaingiza gia, ukaweka mawe kwenye tairi za nyuma, mbele yake na nyuma yake. Mvua ikiwa imenyesha uliweka ubao mpana chini ya jeki isizame. Ukainua. Ukaweka stendi chini ya chesisi, penye chuma kinene, si kwenye bati. Ukashusha jeki mpaka gari likalie stendi. Halafu lile ambalo watoto walikuwa wanalisubiri: ulilisukuma gari kwa bega, huku na huku, kama mtu anayemwamsha mlevi. "Kama unataka kuanguka, anguka sasa hivi nikiwa nje." Halikuanguka. Ukachukua tairi ulizofungua ukazilaza chini yake. "Likidondoka lidondokee tairi. Tairi halina watoto."

Ndiyo maana pale mkekani niliziona pia tairi zako. Zilikuwa zimeegemezwa ukutani. Hukuzilaza.

Nikasema labda stendi ya pili imepotea, au kuna mtu ameiazima. Stoo ilikuwa imefungwa na Mzee Ruhuza, baba yako mkubwa, kama desturi inavyotaka: mpaka siku ya kuanua matanga hakuna kugusa wala kuhamisha kitu cha marehemu, na ufunguo anauvaa yeye shingoni pamoja na rozari. Nikaenda kuchungulia kwenye ufa wa mlango. Stendi ilikuwa ndani. Mahali pake, karibu na kopo la rangi, inanitazama.

Hapo akili yangu iligoma, na mpaka leo haijawaka vizuri. Siku ile asubuhi uliniuliza, "Mama Devotha, kinu kina kazi leo?" Nikakujibu, "Kazi gani, siku hizi si tunasaga mashineni?" Nikachukua jembe nikaenda zangu shambani. Nilidhani unataka kukikalia. Sasa nalala nikifikiri: stendi ile ni ya chuma cha reli, hubebwa kwa mikono miwili na tumbo. Kinu hubiringishwa kwa mguu. Je, ulikuwa umeshindwa kubeba? Tangu lini? Au siku hiyo tu ulikuwa na haraka, na mimi ninamfanya mtu mwenye haraka kuwa mgonjwa? Au miaka yote hiyo ulikuwa unaweka kinu nikiwa shambani, na stendi ni za kuonyesha watu wa Kaniha? Nikishika jibu moja, jingine linaniponyoka.

Ngoja nikupe habari ya siku yenyewe.

Usiku wa kuamkia kuanua matanga, wazee walikaa wakinywa rubisi ya ndizi na kujadili mrithi. Mrithi hapakuwa na ubishi, ni mdogo wako Audax, si kwa kuchukua mali ila kusimama mahali pako na kuwaangalia watoto. Ubishi ulikuwa kwenye kiti. Mrithi lazima akalishwe kwenye kiti cha marehemu, na wewe hukuwa na kiti. Ulikula umesimama. Hata redio uliisikiliza umekaa ndani ya pikapu, mlango wazi, mguu nje. Basi Mzee Ruhuza akapiga fimbo chini akasema, "Kiti chake ni kile." Akanyoosha mkono uwanjani. Wote wakaitikia, kweli kabisa, ndicho. Nilikuwa namimina rubisi, nusura niimwage.

Baba Devotha, unamfahamu Audax. Tangu uondoke hajapungua. Na hakuwa akipanda peke yake: mzee angemshika bega kutoka mlango wa pili, kaka zako wangezunguka kushangilia, watoto wangejaa chini ya kila kitu kama kawaida yao. Yote hayo juu ya kinu cha mama yako.

Kuhamisha kitu ni mwiko. Kufagia si mwiko. Kwa hiyo alfajiri niliamka nikafagia uwanja, na katika kufagia huko tairi moja likajikuta limelala chini ya gari upande wa kinu, na la pili likajikuta limepanda juu yake. Nilizisukumiza kwa mchi, mimi mwenyewe nikiwa nje, kichwa nje, mabega nje. Wifi akaniuliza mbona nafagia kwa mchi. Nikamwambia uchungu.

Watu walipokusanyika nilienda mbele ya Mzee Ruhuza nikapiga goti.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mkwe wangu. Sema."

Nikamwambia gari lililoinuliwa halipandwi. Nikamwonyesha kinu. Kaka yako mkubwa akacheka, "Mama Devotha, ufundi umesomea wapi wewe?"

"Mlangoni pa jikoni."

"Basi rudi chuoni kwako, ukamalize masomo!"

Watu wakacheka mpaka wanakwaya. Na mimi nilicheka, maana lilikuwa jibu zuri, ungelipenda. Lakini Audax alikuwa ameshafungua mlango wa dereva, mguu mmoja umeshaingia, na gari likatoa mlio. Mdogo tu. Kama mtu anayesafisha koo kabla ya kusema neno. Kila mtu alikuwa akicheka, nadhani niliusikia peke yangu. Nikawaza, wiki moja nimezika, wiki nyingine nazika tena, na safari hii wageni wa mbali hawatapunjwa.

Sijui nilitoa wapi neno lile. Nikasema kwa sauti, "Haya, mpandisheni. Ila marehemu hakuwahi kulipanda gari likiwa juu bila kulitikisa kwanza. Ilikuwa mila yake."

Kwamba hukuwahi kabisa kulipanda likiwa juu, hilo nililiacha. Nilisema mila, na neno mila linamwingia Mzee Ruhuza kama chumvi kwenye mboga.

"Audax," akasema, "shuka."

"Lakini baba..."

"Shuka! Unataka kuanza na mkosi?"

Audax akashuka. Niliwaondoa watoto wote hadi kwenye ukuta, nikawaambia wanaume wasimame pembeni, miguu isiingie chini, kama ulivyokuwa ukisimama. Kwa kuwa sasa ilikuwa mila, walitii. Mzee akasema maneno yake, akamwagia gari rubisi kidogo, Audax akaweka bega akasukuma.

Mara ya kwanza, kimya. Kaka yako akanitazama kwa jicho la unaona sasa. Mara ya pili kinu kikalia pa! Gari likashuka upande mmoja kwa kishindo, likakalia zile tairi, likanesa kidogo, likatulia. Mlango alioufungua Audax ukajibamiza wenyewe.

Wanakwaya wakakimbilia migombani. Hata wale kuku. Halafu mama yako akawa wa kwanza kusema: "Kinu changu jamani!"

Mzee Ruhuza akavua kofia. "Amekataa," akasema.

"Nani, baba?"

"Mwenye kiti. Hataki kukaliwa leo."

Wakakubaliana hivyo. Na ndivyo inavyosimuliwa sasa Keza yote, kwamba marehemu alilishusha gari lake mwenyewe. Mimi sikupinga. Huenda ni kweli, nimeshachoka kujua kipi ni kweli. Audax wakamkalisha kwenye kigoda cha jikoni, akakijaza. Baadaye alinifuata nyuma ya nyumba.

"Shemeji, zile tairi aliziweka nani?"

"Ufagio."

Akanitazama, akanitazama, akaketi chini akalia. Msiba mzima hakuwa amelia. Tulikaa pale, yeye analia, mimi sijui kama nacheka au nafanya nini, lakini shavu lilikuwa limelowa.

Stoo ikafunguliwa, stendi ikatolewa. Ilibebwa na vijana wawili. Nilipowaona wanavyoyumba nayo nikageuka nikaangalia migomba.

Kwa sababu kuna jambo jingine, na hili ndilo linaloniamsha. Asubuhi ile ulikuwa umeshaingia chini. Pedi ya upande wa kushoto nilikuta umeshaitoa. Maana yake ulilala chini ya gari lililoshikwa na kinu kile, kinu na moyo wako vyote viwili vikiwa na ufa na hakuna aliyekuwa akijua. Kinu kikakushikilia. Moyo ndio uliokuangusha, tena ukiwa umeshatoka, umekaa kivulini unanawa mikono. Sasa mimi nikikasirikie kinu au nikishukuru? Tumeshakichoma. Nikukasirikie wewe? Nimejaribu. Naanza vizuri, nasema Baba Devotha wewe ni mwongo, uliwafundisha watu wote ukajisahau, halafu nakuona unakibiringisha kwa mguu, polepole, unasimama kupumzika, unaangalia njia ya shambani kama ninarudi, na hasira inaisha kabla sijamaliza sentensi. Ungeniita tu. Tungebeba wote wawili. Mimi nina mikono, na tumbo pia ninalo.

Wiki iliyopita alikuja fundi wa mjini kumalizia breki. Alipotaka kuingia chini nikamwambia alitikise kwanza. Akasema mama, mimi hii kazi naijua. Nikamwambia naona, tikisa. Akatikisa. Nikamwambia na tairi zilale chini. Akazilaza, akaniuliza kama marehemu alikuwa mwanajeshi. Kuzirudisha tairi nilifanya mwenyewe: nati kwa msalaba, moja kisha iliyo mkabala nayo, kidogo kidogo, zisikazwe upande mmoja, halafu kukaza kwa nguvu zote gari likiwa limeshuka chini. Devotha alikaa mlangoni pa jikoni anaangalia. Nikamwita aje karibu, ashike spana.

Basi pumzika, baba. Mawe yako nimeyarudisha pembeni ya uwanja wa ndege, mama yako ameahidiwa kinu kipya, na stendi zote mbili sasa zinakaa nje ya stoo, hapohapo, mtu asizifuate mbali. Nakuahidi hakuna mtu wa nyumba hii atakayeingiza kichwa chini ya gari linaloshikiliwa na jeki, au tofali, au matumaini. Sijaelewa bado. Nikielewa sitakuandikia, nitakaa tu kimya, wewe utajua.

Pikapu iko tayari. Imeoshwa, imesimama kwa miguu yake minne, breki zinashika, mafuta yamo, na Jumamosi Audax anakuja na wazee wote kukabidhiwa ufunguo wake.

Audax hajui kuendesha. Mimi pia sijui.