Kikao cha Kumrudisha Mwokaji Kwenye Benchi

CHAMA CHA WANYANYUA VYUMA CHA UANI
Kumbukumbu za kikao cha kamati kilichofanyika Jumamosi, tarehe 14 mwezi wa sita, katika chumba cha mazoezi nyuma ya nyumba ya Katibu. Kiliitwa saa tisa alasiri.

WALIOHUDHURIA
1. Mwenyekiti: fundi wa kuchomelea, ndiye aliyetengeneza vyuma vyetu vyote
2. Kocha: zamani alinyanyua, sasa anaendesha lori na mgongo unamuuma
3. Mweka Hazina: kinyozi
4. Mwokaji: mwanachama, anaoka mikate, mjukuu wa Katibu. Ndiye mwenye shauri
5. Katibu: bibi mwenye nyumba, mwandishi wa haya

MWALIKWA
Mama wa mazoezi ya viungo kutoka hospitali, aliyemshughulikia Mwokaji tangu alipofunguliwa mkono

HAWAKUHUDHURIA
1. Mwalimu: alitoa udhuru wa kusahihisha mitihani
2. Kibonge: hakutoa udhuru. Katibu alimwona dirishani akipita na soda mkononi

KUMB. NA. 1/ KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti alifungua kikao saa tisa na dakika arobaini kwa sababu yeye mwenyewe alichelewa. Aliwashukuru wajumbe kwa kujali muda. Katibu aliwataka wajumbe wavue viatu mlangoni, na walipovua akawataka wavivae tena upesi.

KUMB. NA. 2/ KUSOMA KUMBUKUMBU ZILIZOPITA
Zilisomwa na Katibu. Mwenyekiti aliomba maneno "Mwenyekiti alinyamaza kama aliyemwagiwa maji" yafutwe, akisema kumbukumbu hazina haja ya kueleza sura ya mtu. Katibu alijibu kwamba yeye aliishia darasa la nne, na darasa la nne walifundishwa kuandika walichokiona. Msomi alikuwa Mwalimu, ambaye aliandika kumbukumbu mwaka mzima na hakuna aliyeweza kuzisoma, hata yeye mwenyewe. Maneno hayakufutwa.

KUMB. NA. 3/ YATOKANAYO: AJALI YA MWOKAJI
Kwa faida ya Mwalikwa, Kocha aliombwa aeleze upya yaliyotokea.

Kocha alieleza kwamba chama kina desturi yake. Mtu akilala kwenye benchi kusukuma chuma, hasemi mwenyewe kwamba amechoka. Wenzake humzunguka na kumpigia kelele "Bado!", na haruhusiwi kurudisha chuma kwenye vishikio mpaka wao waseme "Basi!". Siku ile Mwokaji alitoka kazini moja kwa moja. Alisukuma vya kutosha, akatazama vishikio. Zikaja kelele za "Bado!" Akashusha tena. Chuma kilipokaribia kifua ulisikika mlio kama wa shuka linalochanwa. Wajumbe walidhani ni benchi, wakaendelea kushangilia. Kocha, aliyekuwa amesimama upande wa kichwa, ndiye aliyekikamata chuma kabla hakijamlalia mtu.

Mwalikwa aliuliza ni nani aliyesema "Bado". Kocha alisema si yeye, yeye alikuwa na kazi ya kushika. Mweka Hazina alisema wakati huo alikuwa anakunywa maji. Mwenyekiti alisema alikuwa ameinama anatazama nati za benchi. Katibu alieleza kwamba kelele zile zilimfikia jikoni mpaka mfuniko wa sufuria ukatetemeka, kwa hiyo labda aliyepiga kelele ni paka.

Mwokaji alisema, "Yaishe, Bibi."

Yakaisha.

KUMB. NA. 4/ HALI YA MWOKAJI TANGU SIKU ILE
Mwalikwa alieleza kwamba nyama kubwa ya kifua imeshikwa kwenye mfupa wa mkono kwa kano, mfano wa kamba fupi nene. Kano hiyo ndiyo iliyong'oka. Daktari wa upasuaji aliirudisha mahali pake na kuishona kwenye mfupa.

Katibu alieleza ya nyumbani, kwa kuwa wajumbe walikuja kumtazama mgonjwa mara moja tu, wakala, wakaondoka. Weusi ulishuka kutoka kwapani mpaka kwenye kiwiko, ukawa zambarau, ukawa kijani, ukaishia manjano. Kifua upande wa kulia kilibonyea kama godoro lililotolewa pamba. Mkono ulifungwa tumboni, na mwanamume mzima mwenye ndevu alivalishwa shati na bibi yake. Katibu alimwambia, "Mume wangu, nilidhani wewe ndiye utakayenivalisha mimi." Mume huyo alicheka, akaguna kwa maumivu, akapiga marufuku kuchekeshwa mpaka atakapopona. Baadaye alirudi kazini akakanda unga kwa mkono mmoja. Mikate ya siku zile ilitoka imeinama upande. Watu waliila.

Mkono ulipofunguliwa, Mwalikwa alimfundisha kutembeza vidole ukutani, kwenda juu, kama buibui. Siku za mwanzo vidole vilifika usawa wa kitovu, jasho likamtoka kana kwamba amebeba nyumba. Kisha vikafika kifuani. Kisha begani. Alama za vidole zipo ukutani mpaka leo, na Mweka Hazina aliyependekeza ukuta upakwe rangi anaombwa arudi kwenye nywele za watu.

Hapo Katibu aliuliza swali. Alisema ameshona nguo tangu usichana wake, na nguo iliyochanika ukiishona, uzi ndio unaoshika. Ukate uzi, nguo imeachia, maana nguo haina habari. Je, kifua cha mtoto huyu kimeshikwa na uzi tu?

Mwalikwa alijibu, "Hapana, Bibi. Uzi ulikuwa wa kushikilia kwa muda. Nyama yenyewe imeota, imeingia, imeushika mfupa. Sasa ni kitu kimoja."

Katibu aliomba arudie. Alirudia. Katibu aliomba arudie tena, na Mweka Hazina akatazama saa. Iingie kwenye kumbukumbu kwamba kazi hiyo ilifanyika ndani, gizani, bila fundi, bila taa, mwenye mwili akiwa amelala anakoroma. Kwamba Katibu hajapata kusikia jambo kubwa kuliko hilo. Na kwamba saa ya Mweka Hazina haijawahi kwenda sawa.

KUMB. NA. 5/ OMBI LA MWOKAJI
Mwokaji aliomba benchi lirudishwe chumbani na aruhusiwe kuanza mazoezi.

Ieleweke kwamba tangu ajali benchi limekaa jikoni kwa Katibu, limewekewa masufuria, kwa uamuzi wa Katibu peke yake. Mwenyekiti alikumbusha kwamba benchi ni mali ya chama. Katibu alikumbusha kwamba chumba ni mali ya Katibu. Kocha aliwaomba wote wawili wasianze.

Katibu alipinga ombi. Alisema kitu kilichoshonwa kwa taabu kiasi kile hakipelekwi kule kule kilikochanikia.

Mwokaji alisema, "Kipelekwe wapi basi, Bibi? Kabatini?"

Mweka Hazina alicheka. Alicheka peke yake.

Mwokaji alieleza kwamba hafuati ubingwa. Alisema, "Nikikanda unga, mkono huu unaniuliza kwanza. Nikiinua gunia, unaniuliza. Juzi mtoto wa jirani alinirukia nimdake, mkono ukaniuliza, una hakika? Nikachelewa, mtoto akaangukia magoti. Daktari anasema nimepona. Mkono haujaamini. Nisiporudi pale uliponitupa, utaniuliza mpaka nazeeka."

Katibu aliyaandika maneno hayo yote bila kuongeza la kwake, jambo ambalo si la kawaida.

Mwenyekiti alisema kwa furaha kwamba maneno hayo yamekuja wakati mzuri, kwa kuwa yeye ameshapeleka jina la Mwokaji kwenye mashindano ya vilabu ya mwezi ujao. Kocha aliuliza nani alimruhusu. Mwenyekiti alieleza kwamba jina lilipelekwa kwa nia njema. Kocha aliuliza nia njema hiyo itanyanyua kwa mkono wa nani. Katibu alimwambia Mwenyekiti, "Mwanangu, nimekujua unatambaa, na ulikuwa na akili zaidi," na Mwenyekiti akanyamaza. Sura yake haielezwi, kama alivyoomba.

Mwalikwa alisema mashindano mwezi ujao hayapo, na asiulizwe mara ya pili. Ila kuanza mazoezi, wakati umefika, kwa masharti. Aanze na chuma kitupu. Mikono ikaribiane kuliko zamani. Asishushe mpaka chini. Awekewe kimto kifuani, chuma kikigusa kimto kinarudi. Uzito uongezwe kidogo kidogo kwa miezi. Na wa kusema basi ni yeye mwenyewe.

Mwenyekiti alisema sharti la mwisho linavunja desturi ya chama, kwa sababu mtu akiachiwa aseme mwenyewe atasema mapema.

Mwalikwa alisema, "Ndivyo ninavyotaka, kaka."

KUMB. NA. 6/ JARIBIO MBELE YA KIKAO
Kocha alipendekeza kikao kione kwa macho kabla ya kupiga kura. Mwenyekiti na Mweka Hazina walilitoa benchi jikoni. Katibu aliondoa masufuria na kulifuta mafuta. Kimto kilitoka kwenye kiti cha Katibu.

Mwokaji alivua shati. Kovu liko karibu na kwapa, urefu wa kidole, jembamba, limetulia. Alilala. Kocha alisimama upande wa kichwa, viganja vyake chini ya chuma bila kukigusa.

Katika chumba hiki Katibu hajapata kusikia kimya. Vyuma vinagongana, watu wanaguna, wanatukanana kwa mapenzi. Sasa wanaume wazima walisimama hawajui midomo yao waiweke wapi. Mwenyekiti alivua kofia akajiziba nayo mdomo.

Mwokaji alikitoa chuma kwenye vishikio. Kikakaa hewani. Akakishusha polepole, namna mtu anavyomlaza mtoto aliyesinzia, mpaka kikagusa kimto. Kisha akasukuma. Mkono wa kushoto ulitangulia. Wa kulia ulikuja nyuma yake, unatetemeka, kama mzee anayepanda ngazi, lakini ulikuja. Chini ya kovu, pale palipokuwa pamebonyea, kitu kiliamka, kikajikusanya, kikajaa. Katibu alikiona. Hakuna aliyekiamuru wala aliyekisukuma, na chuma kikapanda.

Akashusha tena, akapandisha. Hakuna aliyehesabu. Safari moja chuma kilisimama katikati, hakiendi juu wala hakirudi, na mshipa ukamtoka Mwokaji shingoni. Kofia ya Mwenyekiti ilitoa sauti ndogo. Kocha aliitazama kofia. Kofia ikanyamaza. Chuma kikaendelea na safari yake.

Kilipofika juu, mkono wa kulia ukiwa umenyooka sawa na wa kushoto, Mwokaji alisema, "Basi." Akakirudisha mwenyewe. Mwalikwa alithibitisha kwamba nguvu za kuendelea alikuwa nazo.

Mwenyekiti alikaa kwenye tairi bovu, kofia magotini. Alieleza kwamba chuma kile alikichomelea kwa mikono yake, anaujua uzito wake, watoto wa shule wanakichezea hapo nje. Alisema hakujua kama kitu chepesi vile kinaweza kumfanya mtu ashindwe kupumua. Hakuna aliyempinga, na hiyo ni mara ya kwanza tangu achaguliwe.

KUMB. NA. 7/ MAAMUZI
(a) Jina la Mwokaji liondolewe kwenye mashindano. Mwenyekiti atakwenda kuliondoa mwenyewe, kwa miguu yake.
(b) Desturi ya "Bado" imefutwa kwa wanachama wote. Aliyelala kwenye benchi ndiye atakayesema basi, na akishasema, imekwisha. Kibonge aambiwe.
(c) Mwokaji kurudi mazoezini kwa masharti ya Mwalikwa. Ilipigwa kura kwa kunyosha mikono. Mwenyekiti alinyosha, Kocha alinyosha, Mweka Hazina alinyosha.

Mwenyekiti aliuliza, "Na wewe, Bibi?"

Katibu alijibu kwamba mkono wake una kalamu, haoni kwamba anaandika?

Mwokaji alikuja hivyo hivyo bila shati. Aliitoa kalamu mkononi mwa Katibu, akakichukua kiganja chake, akakiweka kifuani, juu ya kovu.

"Usiogope. Bonyeza."

Katibu alibonyeza. Palikuwa na joto na jasho. Mwokaji alikaza kifua, na kitu kikaruka chini ya kiganja changu. Naandika changu, na asiyependa aje aandike yeye. Kiliruka kama alivyoruka mama yake siku ya kwanza alipogeuka tumboni mwangu, nami niko kwenye cherehani, mguu ukasahau kukanyaga. Kilikuwa hai. Kilikuwa kimepotea na kimerudi, na hakikuja kuomba ruhusa kwa kamati yoyote.

Nilikaa na mkono pale. Wajumbe walisubiri, hata kinyozi hakutazama saa. Mjukuu wangu aliuliza taratibu, "Unasemaje, Bibi?"

Nikautoa mkono ule ule kifuani kwake, nikaunyosha juu.

Kura nne za ndiyo. Hakuna aliyepinga.

KUMB. NA. 8/ KUFUNGA KIKAO
Mwenyekiti aliuliza kama kuna mengineyo. Yalikuwepo matatu, yote yalionekana madogo, yakaachwa. Kikao kilifungwa saa kumi na mbili kasorobo jioni.

Mwenyekiti (sahihi) ........................

Katibu (sahihi) ........................
Sahihi ya Katibu imepinda.