Mizigo Waliyokuachia

Mama yangu,

Leo, miezi miwili tangu tukuzike nyumbani Marachi, nimekwenda kutoa vitu vyako dukani ili nirudishe ufunguo. Jengo bado linanuka saruji kana kwamba lilimalizwa jana. Kati ya vyumba vyote, viwili tu vilikuwa wazi: cha kinyozi, aliyelala kwenye kiti cha wateja, na cha fundi wa saa chini ya ngazi. Askari wa mlangoni aliniuliza, "Dada, umepotea?" Nikamwambia mimi ni mtoto wa Mama Nabwire wa juu. Akavua kofia. "Pole. Huyo mama alikuwa anafika kabla yangu kila siku. Hata Jumapili."

Kila siku, mama, ukimngoja nani?

Unakumbuka mahali pako pa zamani kando ya barabara ya mpakani, turubai moja na rundo la leso za kujifunga. Wanawake waliovuka kutoka Uganda na mizigo vichwani walifika kwako kwanza. "Mama, nichungie," walisema, wakatua, wakaingia mjini mikono mitupu kutafuta sabuni na chumvi. Kabla ya kuvuka tena walirudi kwako, na hakuna aliyebeba mzigo wake bila kununua leso. Hakuna aliyewaagiza.

Mimi niliona mizigo tu. Chuo kilikuwa kimefungwa kwa sababu ya mgomo, nami nilikuwa nyumbani na vitabu vyangu na hasira zangu, nikimwonea haya mama anayekaa chini katikati ya magunia ya watu. "Wewe si stoo," nilikuambia. "Wanakutumia." Ukacheka. "Nabwire, hao ni wageni wangu." Sikucheka. Jengo hili la maduka lilipofunguliwa, ni mimi niliyekuandikia barua ya kuomba chumba, mimi niliyechagua cha juu kwa sababu kilikuwa na dirisha. Na pale mpakani, mahali panapoachwa asubuhi hupata mwenyewe mchana. Mama Auma, muuza leso mwenzako, alitandika turubai lake pale siku ileile uliyohama.

Nilikaa nawe huko juu siku moja tu. Mwanamke alisimama chini ya ngazi, gunia la mihogo mikavu kichwani, akakuita.

"Mama Nabwire! Sasa huko mbinguni nitafika aje na hii mzigo?"

"Panda polepole, nnyabo," ulimjibu kwa heshima ya Kiganda.

"Eh! Nikianguka, utanizika na leso gani?"

Mlicheka wote wawili. Kisha akaenda. Ulimfuata kwa macho dirishani, dirisha langu, mpaka alipofika kwa Mama Auma, akatua.

Hukusema kitu. Hilo ndilo nisilokusamehe. Ungenigombeza. Ungenitukana Kimarachi mbele ya kinyozi. Badala yake uliwaambia watu wa nyumbani kwamba binti yako msomi amekupatia duka lenye mlango. Ulijua kwamba wenye mizigo hawatapanda ngazi, kabla sijamaliza kuandika ile barua, na ukaniacha niimalize.

Leo nyuma ya mlango nimekuta ngata tatu za kubebea mizigo, umezisokota upya kwa vitambaa, zimepangwa sakafuni. Kando ya ngata hizo hukuwa umeweka kitu chochote. Uliacha nafasi ya magunia, mama. Sakafu ile ilikuwa imefagiwa kuliko dukani kote.

Nilifunga leso zilizobaki ndani ya shuka, nikaweka ngata moja kichwani, nikajitwika mzigo, nikashuka. Kwenye ngazi ya tatu shingo ilianza kuniuma. "Angalia hapo, dada," askari akasema. Nilikusudia kwenda stendi. Nikajikuta nimesimama mbele ya Mama Auma.

"Nichungie," nilisema.

Alinitazama, akanitambua. Akasogeza gunia la mtu kwa mguu. "Weka. Na usikawie, mvua iko karibu."

Nilipeleka ufunguo ofisini mikono mitupu. Niliporudi, Mama Auma hakuniomba ninunue. Nilinunua leso kwake, mimi niliyekuwa na mzigo mzima wa leso miguuni pake. Ni ya kijani, na rangi yake itachuja ukifua mara mbili. Zako zilikuwa nzuri zaidi. Miaka yote ile, sikuwahi kujifunga hata moja.

Ni mimi, mwanao aliyekuchagulia chumba cha juu,
Nabwire