Wazee Kumi wa Daktari Andendekisye

Ubaruku, Mbarali,
Mbeya.
14 Julai 2024.

Mpendwa Shangazi Ng'washi,

Mwangaluka, Shangazi! Goti limeacha ukorofi? Na Paulo anayekusomea barua hii, hajambo? Sisi huku baridi inatutafuna lakini tu wazima. Kabla ya yote, futa machozi: kaka yako amepona, anakula na anafoka kama zamani.

Najua simu ya Charles ilikutisha. Alikwambia tu kwamba mshipa mkubwa wa damu tumboni mwa baba umevimba, kisha akakata. Mdogo wangu huyo hana staha na habari mbaya. Nimemsema mpaka amenikimbia.

Ila kusema kweli, hata sisi tuliogopa. Hospitalini Mbeya, Daktari Andendekisye, dada mmoja mpole wa Kinyakyusa, alimpima baba presha na figo, akampandisha ngazi huku akimsikiliza anavyohema, akamuuliza habari za sigara. Kisha akatuketisha. "Mzee, kati ya wazee kumi wa umri wako na mapafu yako, tukiwapasua, tisa hurudi nyumbani. Mmoja harudi." Akasema tukiuacha, mshipa unaweza kupasuka wakati wowote. Mimi nililia. Baba akakubali kupasuliwa.

Nikadhani ameelewa. Kumbe! Kesho yake nilimkuta wodini na fimbo yake, anapita kitanda hadi kitanda, anasalimia wazee na kuwauliza nani yumo kwenye wale kumi wa daktari. Alitaka wajuane mapema. Mzee Muhidini wa Idodi akaruka, "Mimi nina tezi dume tu, usiniingize huko!" Wodi nzima ilicheka, hata manesi.

Siku ya upasuaji sikucheka. Nilikaa kwenye benchi nikimwomba Mungu asimchukue baba yangu, na muda ukakataa kwenda. Daktari alipotoka akitabasamu, nilipiga vigelegele mpaka mlinzi akaja mbio. Shangazi, furaha ile siwezi kuiandika!

Baba alipozinduka, aliuliza, "Wenzangu wametoka?"

Daktari akamweleza taratibu kwamba wale kumi hawakuwa wodini. Ni hesabu ya wagonjwa waliotangulia, hapa na kwingineko. Baba akawaza.

"Kwa hiyo huyo mmoja alikuwepo kweli?"

"Alikuwepo, baba."

Basi juzi tumemrudisha nyumbani. Charles alichinja dume, mama akapika wali wa shamba letu, na majirani wakacheza mpaka vumbi likatimka. Baba alikatazwa kucheza, akacheza kwa mabega akiwa kitini.

Jioni ng'ombe walirudi. Unamjua kaka yako, hawahesabu kamwe. Husimama langoni akiwatazama wanavyoingia na kujua nani hayupo. Wote waliingia. Charles akashika gogo afunge zizi.

"Subiri kidogo," baba akasema. "Kuna mmoja bado."

Tulisimama naye pale mpaka mwenyewe alipotuambia tufunge.

Mama anakusalimu sana, Charles naye anaomba radhi kwa ile simu. Wasalimie wote wa hapo nyumbani. Mungu akupe usingizi mwema na goti jepesi, uje umwone kaka yako kwa macho yako.

Mtoto wako akupendaye daima,
Leokadia Ndalahwa